Chembe Saba Katika Karai la Ami

Ami alilitikisa karai kwa mara ya mwisho, akaliinamisha kuelekea upande wa jua, akamimina maji kidogo kidogo kama mtu anayechuja tui, kisha akanyamaza. Sisi tuliochutama kando ya kijito, yaani mimi, shangazi na mwanawe, tulisogeza vichwa mpaka vikagongana. Mwishoni mwa mkia wa mchanga mweusi, ambao wote haungejaza ncha ya kijiko cha chai, kulikuwa na vitone viwili vya manjano. Havikumetameta. Vilitulia na rangi yao, hata ami alipovikinga jua kwa kiganja.

"Ulanga, yale magamba yanayometa mchangani, ungezimika kivulini," alisema. "Hivi havijazimika."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, chini ya shamba la mikarafuu aliloliacha babu, upande wa Mtambile, kusini mwa Pemba. Tangu siku ile zimepita wiki za kutosha mtu kusahau. Nimeianza makala hii mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila nilipoianza ilitaka kuwa hadithi ya dhahabu, ilhali kilichonikosesha usingizi ni daftari la skuli nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Karai lililopanda meli

Ami aliondoka Pemba akiwa kijana, akavua Tanga kwa misimu miwili, kisha akafuatana na wenzake mpaka Chunya, kwenye eneo la dhahabu la Lupa ambalo limekuwa likichimbwa tangu miaka ya 1920. Alikaa huko miaka 19, sehemu kubwa Makongolosi, akiingia maduarani, yaani kwenye mashimo ya wachimbaji, akisaga mawe na kuosha kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu. Alirudi na goti bovu, redio, na karai la chuma lenye ukingo uliokunjwa kwa nje na makovu ya kutu chini. Sisi tuliozoea kuona karai likibeba zege tulimcheka alipoteremka nalo melini, amelifunga ndani ya kanga kama sahani ya harusi.

Shamba lenyewe ni urithi ambao haujagawanywa. Wenye haki ni ami, shangazi, na sisi watoto wa marehemu baba. Mikarafuu mingi imezeeka, wachumaji hawapatikani kwa urahisi, na shangazi alitaka liuzwe kila mtu apate chake. Jirani mmoja alikwisha kuikubali bei kwa mdomo. Aliyepinga ni binamu yangu, mwana wa shangazi huyohuyo, na hoja yake ilikuwa moja tu, kwamba watu wa Bara hawauzi ardhi kabla ya kujua iliyobeba nini, na sisi nyumbani tuna mzee aliyefanya kazi hiyo karibu miaka 20 lakini hatujawahi kumwomba hata aoshe ndoo moja ya udongo wetu.

Ami alianza kwa kulichoma karai juu ya moto wa makumbi mpaka likabadilika rangi. Akaliacha lipoe, akalisugua kwa mchanga na maji. Alitueleza sababu, na sababu yenyewe ni ya kweli: karai lenye mafuta ni adui wa muoshaji, kwa kuwa chembe ndogo ya dhahabu ikipata mafuta hukataa kuloana, ikaelea juu ya maji na kuondoka pamoja na taka, ingawa ndiyo nzito kuliko vyote vilivyomo. Kwa sababu hiyohiyo alitia majini sabuni ya unga, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili.

Uangalifu ule ulinivutia sana.

Yaliyofuata shangazi aliyaelewa kabla yangu. Dhahabu ina uzito wa mara 19 hivi wa maji ya ujazo uleule, mchanga mweupe wa kawaida mara 2 na nusu, na mchanga mweusi wenye chuma kiasi cha mara 5. Ukiutikisa mchanganyiko huo ndani ya maji, chepesi hupanda na kizito huzama, na kazi yote ya mkono ni kumwaga cha juu bila ya kukisumbua cha chini. Shangazi, ambaye ameosha mchele wenye mawe maisha yake yote, alitazama karai la kwanza akasema kwamba hii ni kazi yake, ila kwamba yeye hutaka cha juu na kaka yake anataka cha chini. Karai la tatu alilitikisa yeye, na ami hakumrekebisha ila mara moja.

Mwishoni ami alichukua sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio, akaifunga kwa kipande cha nailoni, akaipitisha juu ya mkia ule mweusi. Mchanga mwingi ulirukia sumaku. Vile vitone vilibaki.

Siku hiyo tuliosha makarai matatu ya udongo wa ukingo wa kijito. La kwanza lilitoa chembe mbili, la pili chembe moja, la tatu halikutoa kitu. Niliyaandika yote kwenye daftari, kwa sababu mwalimu hawezi kuona namba bila ya kuiandika.

Jiwe la sonara

Jumatatu yake nilizipeleka chembe hizo Chake Chake kwa sonara, ndani ya kichupa cha dawa kilichojazwa maji. Zilikuwa ndogo mno kusuguliwa juu ya jiwe lake la kupimia. Alimwaga moja kwenye kioo, akaweka lenzi jichoni, akaigeuza kwa sindano kwa muda mrefu.

"Hii imeshaonja moto," alisema.

Akanipa lenzi nami nitazame. Niliona kitu chenye vitundu vidogo vidogo, mfano wa kipande cha mkate wa mofa. Nilimjibu kwamba ardhi ina mambo yake. Hakubishana. Akaibonyeza chembe ile kwa ncha ya sindano nayo ikalala bapa bila ya kuvunjika, wakati yale mawe ya manjano yanayofanana na dhahabu yangekatika vipande. Kisha akaidondoshea tindikali, tukasubiri, na chembe haikubadilika rangi wala haikutoa povu.

"Ni dhahabu, sina shaka nayo. Imetoka wapi, hilo si la kuniuliza mimi."

Katika maneno yote ya sonara, mimi niliondoka na mawili tu: "Ni dhahabu." Hata la tatu sikulisubiri vizuri. Nilipiga simu shambani kabla sijafika kituo cha gari.

Ninachofundisha darasani

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza, kwa sababu mimi ni mwalimu wa jiografia, na kila mwaka huwaeleza wanafunzi kwa nini visiwa vyetu havina madini ya aina ile. Miamba ya dhahabu ya Geita na Tarime ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu, na ile ya Chunya inakaribia bilioni 2. Pemba na Unguja ni udongo, mchanga na mawe ya chokaa ya matumbawe, vitu ambavyo kwa hesabu hiyo vimezaliwa jana. Hata visima vya kutafuta mafuta vilivyochimbwa visiwani mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vilishuka zaidi ya kilomita 3, na huko chini vilikuwa bado ndani ya miamba iliyojengwa na mashapo ya baharini na mitoni.

Somo hilo naliweza usingizini. Usiku wa Jumatatu nilikaa nikatafuta namna ya kulivunja.

Na nikaipata, jambo ambalo linanitisha zaidi kuliko kama ningeikosa. Mchanga na udongo mwingi wa visiwa hivi uliletwa na mito ya kale kutoka Bara, kabla ya mkondo wa Pemba kutukata kabisa na upande ule. Mto unaoweza kubeba mchanga wa ndani ya bara hauwezi kushindwa kubeba na vumbi la dhahabu. Kwa hiyo, nilijiambia, si muhali. Hoja hiyo si ya kijinga, na mpaka leo siwezi kusema kwamba haiwezekani kabisa kuwepo chembe moja ya namna hiyo mahali fulani Pemba. Lakini tazama nilichokifanya: jambo ambalo haliwezekani kukanushwa kabisa nililigeuza kuwa jambo ambalo linategemewa, na mlango ulioachwa wazi kwa upana wa unywele niliupitishia mkokoteni.

Yupo jirani aliyenikumbusha habari za Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 wachunguzi wa mambo ya kale walifukua sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Alikuwa ananitia moyo kwamba ardhi ya Pemba imewahi kutoa dhahabu. Nilimkubalia kwa kichwa. Ningekuwa na akili zangu siku ile, ningemjibu kwamba dinari zile zililetwa na vyombo vya baharini.

Mashimo tisa

Jumamosi ya pili ami alisema kwamba karai tatu za ukingo wa kijito si kipimo, ni bahati nasibu. Alitaka mashimo. Alitembea kutoka kijitoni kwenda juu kwenye mikarafuu, akapiga mistari mitatu inayokata mteremko kwa upana, mmoja bondeni, mmoja kati, mmoja juu, na katika kila mstari akasimamisha vijiti vitatu kwa umbali sawa wa hatua. Alisema vijiti hivyo ndivyo vinavyochagua, kwa sababu mtu akiachiwa achague mwenyewe atachimba palipo rahisi kuchimbika au palipompendeza. Kila shimo lilishuka mpaka udongo mweusi wa juu ukamalizika, likapitiliza kufikia tabaka la kokoto kama lipo, kwa kuwa kizito huteremka mpaka kikutane na kitu kigumu cha kukizuia. Kila ndoo tuliipima kilo 10 kwa mizani ya kupimia karafuu, tukaiandikia namba.

Ninaeleza kwa urefu kwa sababu nataka ijulikane kwamba hatukufanya kazi ya ovyo. Ami anaijua kazi yake. Utaratibu huu, kwa jina lolote litakaloitwa, ndio unaotumiwa na watafutaji wa dhahabu kila mahali: unaosha udongo kutoka sehemu zilizopangwa, unahesabu chembe za kila sehemu, kisha unazifuata namba zinakozidi mpaka ukifikie chanzo.

Asubuhi ile, kama kawaida yake, alilichoma karai tena. Tuliosha kuanzia ndoo za bondeni kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu na maji. Shimo la kwanza, chembe moja. Shimo la pili, chembe moja. Shimo la tatu halikuwa na kitu, na la nne, na la tano, mpaka la tisa kule juu.

Nilichora ramani nzuri sana. Bondeni nilitia alama za nukta kwa kalamu nyekundu, mlimani nikaacha tupu, na pembeni nikaandika kwamba matokeo yanakubaliana na kanuni, yaani kizito hukaa chini.

Hata kama ramani ile ingekuwa ya kweli, haikustahili furaha tuliyoipa. Chembe moja ya ukubwa wa punje ndogo ya mchanga huwa na kiasi cha miligramu 1, pengine pungufu. Miligramu 1 katika kilo 10 ni sawa na sehemu ya kumi ya gramu katika tani nzima, maana yake ni kwamba ili upate gramu moja uoshe lori la tani 10, kwa maji ya kijito ambacho wakati wa kiangazi hakijazi hata mitungi ya wenyewe. Hesabu hiyo niliifanya, nikaionesha familia, na binamu akanijibu kwamba chini zaidi huenda zikawa nyingi. Mimi mwenyewe nilishamfundisha kusema hivyo.

Wiki iliyofuata alichimba peke yake, akakata mizizi ya mikarafuu miwili ya mstari wa kati. Mmoja umeanza kukauka kileleni. Jirani aliyetaka kununua alipoona mashimo na minong'ono inazidi, aliuliza kwa adabu kama bado tunauza, na shangazi hakuwa na jibu. Akanunua shamba jingine.

Siku ambazo nilimdhania mtu

Katikati ya hayo ndipo nilipoanza kusoma usiku juu ya upimaji wa dhahabu, na nilichokutana nacho kiliniharibia moyo. Nilisoma juu ya Bre-X, kampuni ya Kanada iliyodai kuwa na hazina kubwa mno ya dhahabu huko Busang, Indonesia, mpaka 1997 ilipobainika kwamba sampuli zilitiwa dhahabu kwa mkono wa mtu. Kimojawapo kilichowashitua wachunguzi ni umbo la chembe zenyewe. Zilikuwa za mviringo kama dhahabu ya mtoni iliyosuguliwa na maji, ilhali zilidaiwa kutoka ndani ya mwamba.

Umbo. Nilikumbuka vile vitundu nilivyoviona kwenye lenzi, na sauti ya sonara aliposema kwamba imeshaonja moto. Dhahabu ya kijitoni haina sababu ya kuonja moto.

Basi nikaamini kwamba tumetiliwa. Na mtu wa kwanza aliyenijia akilini, kwa haraka ambayo mpaka leo sijaisamehe nafsi yangu, ni binamu. Yeye ndiye asiyetaka shamba liuzwe. Yeye ndiye aliyebeba ndoo. Mkewe ana pete, na pete hukwanguliwa. Kwa siku sita nilimtazama kucha alipokula nami sahani moja. Nilimuuliza, kana kwamba ninazungumza tu, kama ile pete bado ipo, naye akaniambia ipo, kisha akanyamaza kwa namna ambayo ilinijulisha kwamba ameelewa ninachouliza.

Hakuniambia neno. Aliendelea kunikaribisha.

Bakuli la dagaa

Aliyetutoa gizani ni shangazi, tena bila ya kukusudia. Nilimweleza dhana yangu, nikitegemea atalia au atanifukuza. Alikuwa anachagua mchele, na hakuinua hata macho.

"Bakuli ulilooshea dagaa, ukalioshea mchele, mchele utanuka dagaa," alisema. "Utasema mpunga umeota baharini?"

Nilikwenda kulifungua daftari. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeisoma safu ya kwanza tu, ile ya mahali. Safu ya pili, ya mpangilio wa kuosha, niliiandika kwa mazoea na sikuitazama tena. Nilipoifuata kwa kidole nikaona kile ambacho mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha pili angekiona: Jumamosi ya kwanza, mbili, moja, sifuri, Jumamosi ya pili, moja, moja, kisha sifuri saba mfululizo. Chembe hazikufuata bonde wala mlima. Zilifuata zamu. Kila mara zilitoka mwanzoni mwa kazi, kisha zikaisha, na bondeni ndiko tulikoanzia kwa sababu ndiko kuliko na maji.

Ramani yangu nzuri ilikuwa ramani ya uvivu wa kubeba ndoo.

Jumamosi ya tatu nilimwomba ami aanze na ndoo ya juu kabisa. Alishangaa, akasema ndoo ni ndoo, akaanza nayo. Alikuwa amelichoma karai kama kawaida. Ndoo ya mlimani, ambayo wiki moja kabla ilitoka tupu, ikatoa chembe moja. Ile ya bondeni, iliyotoa chembe wiki iliyopita, ikatoka tupu. Nilipowaonesha daftari, ami alilitazama karai kwa muda, akaligeuza, akaligonga ukingo wake uliokunjwa kwa mpini wa nyundo pande zote. Mimi nilikuwa nimekuja na ndoo ya mchanga mweupe wa pwani, uliokwisha kusuuzwa mara tatu. Tuliuosha huo.

Ukatoa chembe moja.

Ikawa jumla ya chembe saba, na zote zimekuja Pemba kwa meli, ndani ya kanga.

Alichokumbuka ami

Alikaa chini, goti lake likimuuma, akatueleza. Kule Makongolosi, udongo ukishaoshwa na kubaki kidogo, hutiwa zebaki ili izishike chembe zote ndogo kuwa donge moja, kisha donge huchomwa ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Wenye uwezo huchomea kwenye chombo maalumu. Asiye na uwezo huchomea kwenye alichonacho, na yeye kwa miaka mingi alikuwa na karai hili. Dhahabu inayobaki baada ya zebaki kuruka huwa na vitundu kama sifongo, kwa kuwa nafasi iliyoachwa na zebaki haizibiki. Vipande vyake vidogo viliingia kwenye mkunjo wa ukingo na ndani ya makovu ya kutu vikakaa. Kila alipolichoma na kulisugua kwa uangalifu ule ulionivutia, kutu ilibanduka kidogo na kuviachia kimoja kimoja.

Kwa hiyo sonara aliniambia kila kitu siku ya tatu tu ya jambo hili.

Nikiri pia kilichonitia hofu zaidi kuliko aibu. Mvuke wa zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu, na ndiyo sababu nchi nyingi zilikubaliana kupunguza matumizi yake katika Mkataba wa Minamata wa 2013. Ami anasema karai lilikwisha kuchomwa mara nyingi na hakudhani kwamba limebakia na kitu, lakini alikwisha kudhani hivyo juu ya dhahabu. Watoto walikuwa wameuzunguka moto wetu mara tatu. Shangazi alikuwa ameshaliomba karai hilo kwa ajili ya kulishia bata. Sasa limefungwa ndani ya mfuko na kuwekwa juu ya dari ya banda, na halitachomwa tena wala kutiwa chakula.

Baadaye nilisoma kwamba wapimaji wa kampuni kubwa, wanapopeleka sampuli maabara, huchanganya ndani yake mfuko wa kitu ambacho wana hakika hakina dhahabu, na mfuko mwingine ambao kiasi cha dhahabu yake kinajulikana, bila ya kumwambia mpimaji ni upi. Wa kwanza ukirudi na dhahabu, maabara ni chafu. Wa pili ukirudi pungufu, maabara inapoteza. Nilijisikia vibaya kwamba ndoo ya mchanga wa pwani, isiyogharimu hata senti, ingetuokolea mikarafuu miwili na mnunuzi mmoja kama ingeoshwa asubuhi ya kwanza kabla ya kuosha kingine chochote. Hatukuipima mizani kabla ya kupima.

Karai jipya

Nilikwenda kwa binamu jioni ya siku hiyo. Sitaandika tuliyozungumza, isipokuwa kwamba aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza. Kama karai lilituongopea pale lilipotoa, alisema, tutajuaje kwamba lilisema kweli pale lilipokuwa tupu? Huenda mkono wa mzee unamwaga.

Jumamosi ya nne alikuja na karai jipya kutoka duka la vifaa vya ujenzi, bado lina karatasi ya bei. Ami alilichoma mafuta ya kiwandani, akalisugua. Tuliosha kwanza mchanga wa pwani, ukatoka tupu. Kisha tukachota upya udongo wa mashimo yote tisa, tukauosha kwa mpangilio tulioupigia kura kwa vikaratasi, kila ndoo juu ya beseni kubwa la plastiki ili kinachomwagika kisipotee. Mashimo yote tisa yalitoka tupu, na safari hii aliyeshika daftari ni binamu.

Mwisho kabisa, kwa kuwa chembe zikitangulia kuoshwa tungerudi palepale tulipotoka, binamu alichukua tatu kati ya zile saba, akatugeuzia mgongo, akazichanganya ndani ya ndoo ya shimo la tisa. Ami aliosha polepole kuliko siku zote. Alipomimina maji ya mwisho zilikuwapo mbili.

Hakuna aliyesema kitu. Aliurudia mkia wa mchanga mweusi, akaupitishia sumaku, akatazama tena. Mbili. Kisha akaliinamia beseni, akauosha upya mchanga wote uliomwagika humo, na baada ya muda ambao chai ya kwenye chupa ilipoa, akaipata ya tatu.

"Mkono umezeeka," alisema ami.

Binamu aliandika: mbili karaini, moja besenini. Akalifunga daftari, akanirudishia, akachukua jembe na kuanza kuyafukia mashimo, akianzia ya mstari wa kati, penye mikarafuu.